Neva Hupiga Simu, Homoni Hutangaza: Jinsi ya Kuusoma Mwili Wako Ukiwa na Msongo

Kila mwaka, somo la kwanza la mfumo wa neva nalianza kwa kuwapa wanafunzi chaki. Nawaambia waje ubaoni, kila mmoja aandike Kiswahili cha hofu. Hawachelewi: roho juu, tumbo joto, kijasho chembamba, mate kukauka, nywele kusisimka, moyo kwenda mbio, kutoa macho. Wakimaliza nawaambia nusu ya somo imekwisha, maana wameshaorodhesha kazi za neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kwa hatari, na hakuna aliyefungua kitabu. Kinachobaki ni kujua amri hizo zinatoka wapi, zinapita njia gani na zinachukua muda gani kuisha.

Hilo la muda ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya dharura kwa miaka 19, mingi zamu za usiku, kabla ya kuhamia darasani. Watu wengi niliowaona, nami nikiwa mmoja wao, hutumia dawa ya dakika moja kwa tatizo la saa zima, na dawa ya saa zima kwa tatizo la dakika moja. Wanajikemea watulie wakati ambapo mwili hausikii kemeo. Halafu moyo ukishatulia wanaingia kwenye ugomvi, kwa kuwa hawajui kwamba nusu ya pili ya shughuli ndiyo kwanza inaanza.

Mwili una njia mbili za kupeleka habari ya hatari. Neva hupiga simu: huku mpigaji, kule mpokeaji, na ukikata imekatika. Homoni hutangaza: humwagwa kwenye damu, huzunguka mwili mzima, na kila seli yenye kipokezi cha kuisikia hutii. Tangazo likishatoka halirudi. Unangoja lififie.

Jambo dogo kabla sijaendelea. Jina "msongo wa mawazo" linanikera kidogo, kwa sababu linafanya watu wadhani mambo yote yako kichwani. Nitasema msongo tu. Utaona mwenyewe jinsi figo, ini na utumbo vinavyohusika.

Jua mapigo yako ya siku njema

Huwezi kujua mwili umepanda kiasi gani kama hujui hukaa wapi ukiwa umetulia. Tafuta saa yenye mshale wa sekunde, na daftari. Asubuhi, kabla hujainuka, kabla hujashika simu, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba kupimia; lina mpigo wake wenyewe, litakuvuruga hesabu. Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100, na wenye mazoezi mazito hushuka chini ya hapo bila ugonjwa wowote. Rudia siku 7, andika kila siku. Yangu ni 64. Nikiamka nikakuta 75, najua ama naumwa ama kuna jambo nimelala nalo, hata kama sijalikumbuka bado.

Siku ya nane fanya jaribio. Vidole vikiwa kwenye mshipa, vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Wengi watasikia mapigo yakikaribiana wakati wa kuvuta na kuachana wakati wa kutoa. Vijana hulisikia waziwazi, umri hulififisha. Kila darasa huwa na mwanafunzi mmoja anayetoka rangi akidhani nimemgundulia ugonjwa wa moyo. Moyo wake ni mzima. Anachokisikia ni neva vagasi ikifanya kazi.

Vagasi ni ya kumi kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo bila kupitia uti wa mgongo. Inashuka shingoni, inafika kwenye moyo, mapafu na utumbo. Kwa moyo yenyewe ni breki. Moyo ukiachiwa ujiendeshe bila neva yoyote hupiga karibu mara 100 kwa dakika, na tunalijua hilo kwa watu waliopandikizwa moyo, ambao neva zao zilikatwa wakati wa upasuaji: wakiwa wamekaa kimya kabisa, moyo wao huenda 90 hadi 110. Kwa hiyo hizi 64 zangu ni breki iliyokanyagwa mchana na usiku. Ukivuta pumzi breki hulegea, ukiitoa hukaza. Kama utasahau mengine yote niliyoandika hapa, usisahau hilo, kwa kuwa ndiyo kamba pekee ya mfumo huu ambayo ncha yake iko mkononi mwako.

Aliyeonyesha jinsi breki hiyo inavyokanyaga ni Otto Loewi, mwaka 1921, huko Graz, Austria. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Wa kwanza akausisimua vagasi yake hadi ukapunguza mwendo, kisha maji yaliyouzunguka akayapeleka kwenye moyo wa pili, ambao haukuwa na neva. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva nayo huongea kwa kemikali, ile tunayoiita leo asetilikolini. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lilimjia usingizini, akaandika maneno kwenye kipande cha karatasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe, na usiku uliofuata ndoto ilipomrudia akaenda moja kwa moja maabara. Huwasimulia wanafunzi habari hii wanapolalamikia mwandiko wangu ubaoni.

Dakika ya kwanza ni ya simu

Umelala fofofo. Mlango unagongwa kwa nguvu. Kabla hujajua ni mlango, kipande cha ubongo chenye umbo la lozi, amigdala, kimeshapeleka habari kwa haipothalamasi, ambayo ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na kwenye shina la ubongo. Kinachotokea kwanza kwenye moyo si kukanyaga mafuta. Ni kuachia breki. Vagasi inaweza kubadilisha mwendo wa moyo ndani ya pigo moja. Neva za simpathetiki, zinazotoka kwenye uti wa mgongo usawa wa kifua na sehemu ya juu ya kiuno, huchukua sekunde kadhaa kufikia nguvu yake. Ndiyo maana moyo "huruka" kwanza, halafu ndipo unapoanza kwenda mbio.

Sasa rudi ubaoni. Kutoa macho: mboni hupanuka ziingize mwanga zaidi. Mate kukauka: mishipa ya damu ya tezi za mate hubanwa, na mate yanayobaki ni machache na mazito. Nywele kusisimka: kila unywele una kijimsuli chake kwenye shina, nacho hujikunja. Kwa mnyama mwenye manyoya hilo humfanya aonekane mkubwa. Kwetu sisi ni masalia tu. Kijasho chembamba: viganja huloa kabla hata joto la mwili halijapanda. Roho juu ni pumzi fupi za kifua cha juu pamoja na moyo unaopiga kwa nguvu, sio kwa haraka tu.

Tumbo joto ndilo nalipenda kuliko yote. Mwishoni mwa karne ya 19 Walter Cannon wa Harvard alikuwa akitazama kwa eksirei jinsi tumbo la paka linavyosaga chakula. Akaona kwamba paka akifadhaika, tumbo husimama. Wengine wangelalamika kwamba paka anawaharibia kazi. Cannon aliifuata ile kero kwa miaka, hadi kufikia mwaka 1915 akawa ameeleza kuwa hofu na hasira huuandaa mwili mzima ama kupigana ama kukimbia. Damu hupunguzwa utumboni ikapelekwa kwenye misuli, ini hufungua ghala la sukari, mmeng'enyo hungoja. Tumbo lako likikoroga kabla ya mtihani au mahojiano, si dalili kwamba umekula vibaya.

Simu moja kati ya hizi huenda mahali pa ajabu. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali, yenye uzito wa gramu 4 au 5 hivi, na ndani yake kuna kiini ambacho kwa asili yake ni ndugu wa seli za neva. Simu ikifika pale, mpokeaji anashika kipaza sauti: kiini humwaga adrenalini kwenye damu, pamoja na kiasi kidogo cha noradrenalini. Hapo simu imegeuka tangazo. Wale waliopandikizwa moyo wanatuonyesha tofauti hii vizuri. Wakianza kupanda ngazi, moyo wao huchelewa kuitikia, kwa sababu waya haupo. Unangoja adrenalini ifike kwa njia ya damu. Na wakisimama, huchelewa kushuka.

Habari njema ni kwamba adrenalini haikai. Nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya dakika 2 au 3, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Kama hakuna simu mpya, ndani ya robo saa imekwisha karibu yote. Kwa hiyo kazi yako katika dakika hizi ni moja tu: usipige simu mpya.

Fanya hivi. Acha kujiambia "tulia", kwa sababu hakuna neva inayopeleka neno hilo kwenye moyo. Anza na pumzi badala yake. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hutii mabwana wawili: hujiendesha ukiwa umelala, na hukusikiliza ukiwa macho. Ingiza hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, hesabu moja sawa na sekunde moja. Hiyo ni sekunde 10 kwa pumzi, pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Kama 6 inakubana, toa kwa 5 na uingize kwa 3. Kinachotakiwa ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, si kushinda mashindano.

Kosa ninaloliona zaidi ya mengine yote ni lile la "vuta pumzi ndefu, vuta pumzi ndefu". Mtu anavuta mapumzi makubwa, ya harakaharaka, na hali inazidi kuwa mbaya. Anapumua nje hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kizunguzungu kinaanza, midomo na vidole vinafanya ganzi na kuwashwa, wakati mwingine vidole vinakakamaa. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia nje ya chumba cha mtihani akiwa na hakika amepata kiharusi. Alikuwa akipumua mara 30 na zaidi kwa dakika, tena kwa sababu rafiki yake alikuwa amesimama kando akimhimiza avute zaidi. Nilimwomba rafiki aende akatafute maji, nikakaa na yule mgonjwa tukahesabu pamoja, pumzi ndogo, midomo imekunjwa kama anayepuliza moto wa mshumaa bila kuuzima. Dakika 8 vidole vikafunguka. Na tafadhali, ile mbinu ya kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi iache. Kama tatizo halisi ni pumu au moyo, unamnyima mtu oksijeni aliyokuwa akiihitaji.

Miguu nayo imeshapewa sukari ya kukimbilia, basi itumie. Zunguka, panda na kushuka ngazi, hata kukaza mapaja na kuyaachia ukiwa umekaa kitini kunasaidia. Maji baridi usoni hupunguza mapigo pia, kwa njia ileile ya vagasi, ila mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu bila kumuuliza daktari wake. Na usishike mshipa kila nusu dakika kuona kama umeshuka. Kujikagua ni simu.

Saa moja na nusu ya tangazo

Sasa kwenye sehemu ambayo karibu kila mtu huikosa.

Wakati simu zinapigwa, haipothalamasi ilianzisha pia shughuli ya pili, ya polepole. Inatoa homoni ya CRH kwenye vijishipa vidogo vinavyokwenda hadi tezi ya pituitari, iliyo kama punje ndogo, imekaa kwenye kikalio cha mfupa nyuma ya shina la pua. Pituitari inajibu kwa kumwaga homoni nyingine, ACTH, kwenye damu. ACTH inasafiri hadi kwenye tezi zilezile za juu ya figo, lakini safari hii si kwenye kiini bali kwenye gamba lake, na gamba linatengeneza kotisoli.

Linatengeneza, nasisitiza. Adrenalini ilikuwa imeshafungashwa, inangoja amri tu. Kotisoli haiwekwi ghalani, kwa kuwa hutokana na kolesteroli na hupenya kuta za seli. Ungejaribu kuihifadhi ingevuja. Lazima ipikwe upya kila mara. Ndiyo sababu kilele chake kwenye damu huja kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza, na kushuka hadi nusu huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Ikishaingia ndani ya seli huenda hadi kwenye kiini cha seli kubadilisha jeni zipi zisomwe, kazi ambayo matokeo yake huonekana kwa saa nyingi. Weka namba hizi karibu na zile za adrenalini uone kinachotokea: moyo umeshatulia, viganja vimekauka, unajiona uko sawa, na kotisoli ndiyo kwanza iko juu.

Nililipia somo hili. Usiku mmoja, saa tisa na dakika kumi, tulipokea mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama mikononi mwetu. Tulimrudisha. Saa tisa na dakika arobaini nilikuwa nimenawa, nimekaa, nimejipima: 70. Safi. Akaja mwenzangu kuniuliza kwa nini fomu fulani haijajazwa. Swali la kawaida kabisa. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, nikachukua karatasi, nikaandika barua ya kuacha kazi, aya mbili, tena kwa mwandiko mzuri, nikaisukuma chini ya mlango wa mkuu wa wauguzi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mlango ule, nikiichomoa kwa rula.

Tangu siku ile nina sheria ya saa moja na nusu. Tukio zito likiisha, naandika muda kwenye daftari, naongeza dakika 90, na kabla ya muda huo sijibu ujumbe wa kuudhi, sitii sahihi, simwambii mtu "ngoja nikwambie ukweli". Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia ulimi, hufanya kazi vibaya chini ya kemikali hizi, na ubaya wake ni kwamba haikuambii. Unajiona una akili kuliko siku zote.

Utafanya nini katika dakika hizo 90? Kazi ya mikono isiyodai uamuzi. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Wodi nzima ikajua: ukimkuta anakunja shuka zilizokwisha kunjwa, mwache. Kutembea ni kuzuri, kuoga ni kuzuri, kukaa na mtu usiyehitaji kumweleza lolote ni kuzuri kuliko vyote.

Mfumo huu una kufuli lake wenyewe. Kotisoli ikifika kwenye ubongo husomwa na haipothalamasi, pituitari na sehemu iitwayo hipokampasi, nazo hupunguza amri. Bomba hujifunga lenyewe. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake walionyesha kuwa hipokampasi ya panya ina vipokezi vya homoni ya aina hii, na hipokampasi ni mahali pa kumbukumbu, kwa hiyo si ajabu kwamba siku za msongo mtu husahau alipoweka funguo lakini anakumbuka tusi la miaka kumi iliyopita neno kwa neno. Shida ni kwamba ubongo hautofautishi sana kati ya tukio na kulicheua tukio. Ukilala kitandani ukiurudia ugomvi, ukijipa majibu bora kuliko uliyotoa, unafungua bomba lilelile lililokuwa linajifunga. Kumsimulia mtu anayesikiliza ni kitu kingine, kwa sababu hadithi hufika mwisho. Kama hayupo, andika mistari mitatu: kilichotokea, nilichofanya, nitakachofanya kesho na saa ngapi. Mstari wa tatu ukiwa hauna saa, haujakamilika.

Usiichukie kotisoli. Bila hiyo usingeweza kuinuka asubuhi: hushuka chini kabisa karibu na usiku wa manane, hupanda kuelekea alfajiri, na hupata msukumo zaidi katika nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka. Mwaka 1855 daktari Mwingereza Thomas Addison aliwaeleza wagonjwa ambao tezi zao za adrenali zimeharibika: wachovu, wamekonda, ngozi imeingia weusi, na enzi zile walikufa. Na kwa kuwa kotisoli hupanda alfajiri, ukiamka na wasiwasi usiojua sababu yake, mpe mwili nusu saa kabla hujauita wasiwasi. Na kama unatumia kafeini, kumbuka nusu yake bado iko mwilini saa 5 hivi baadaye; ya jioni hukutana nawe kitandani.

Msongo usiokatika

Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia tofauti tofauti, baridi, majeraha, mazoezi ya kupita kiasi, dawa za sumu, na kila mara akakuta mambo matatu: gamba la adrenali limevimba, tezi ya thaimasi imesinyaa, tumbo lina vidonda. Adui tofauti, jibu moja. Thaimasi ni shule ya seli za kinga, na hapo ndipo ilipo hasara ya msongo mrefu. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa kijeraha cha milimita 3.5 mkononi wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Majeraha ya wauguzaji yalichukua siku 9 zaidi kupona. Tangu nisome hayo, nikimfunga mgonjwa kidonda kinachochelewa, humuuliza pia anamuuguza nani, na nani anamuuguza yeye.

Vile vidonda vya tumbo vya panya vilizaa imani kwamba kila mwenye vidonda vya tumbo ana mawazo mengi. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria, Helicobacter pylori, ndiye chanzo kikubwa. Usimwambie mtu "punguza mawazo" wakati anahitaji kipimo na antibayotiki.

Mengine nayapitia haraka: presha inayokaa juu, sukari inayokaa juu, mafuta ya tumboni, hedhi inayopotea kwa sababu CRH hukandamiza amri za homoni za uzazi. Mwili kwa wakati huo umeamua kwamba huu si msimu wa kupanga mbele.

Kitu cha kwanza kukirekebisha ni usingizi, kabla ya mazoezi, kabla ya mbinu yoyote ya pumzi. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala vibaya, kwa kuwa saa ya kuamka ndiyo inayopanga mzunguko wa kotisoli. Sisi wa zamu za usiku tuna kazi ngumu zaidi hapa. Niliyoweza ni giza kamili chumbani na kukataa zamu zinazobadilika kila baada ya siku mbili.

Utasikia pia habari za "uchovu wa adrenali", na vidonge vya kuutibu. Kama ugonjwa, madaktari wa homoni hawautambui. Uchovu wenyewe ni wa kweli, na mara nyingi una jina lingine: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, sonona, kukosa usingizi. Fedha za vidonge zipeleke maabara. Lakini kuna hatari moja ya kweli: anayetumia vidonge vya steroidi kama prednisolone kwa wiki nyingi, asiviache ghafla. Gamba la adrenali limezoea kuletewa dawa inayofanya kazi ya kotisoli, limelala, na haliamki siku moja. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo.

Mahali ambapo mwongozo huu hautoshi

Maumivu au mgandamizo wa kifua, hasa ukienda taya, bega au mkono, kupoteza fahamu, upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kuparaganyika, pumzi isiyotosha hata ukiwa umekaa. Hapo usihesabu 4 na 6, nenda hospitali. Msongo mkali unaweza kuudhoofisha moyo wenyewe ghafla. Madaktari wa Japani walieleza hali hiyo mwaka 1990 wakaiita takotsubo, kwa kuwa moyo huvimba kama mtungi wa kutegea pweza, na dalili zake haziwezi kutofautishwa na shambulio la moyo bila vipimo. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokwisha koma hedhi, mara nyingi baada ya msiba au mshtuko.

Moyo kwenda mbio bila sababu kwa wiki kadhaa, pamoja na kukonda, kutetemeka mikono na kuona joto wakati wengine wanaona baridi, ni wa kupimwa thairoidi. Na kama umefikia mahali unafikiria kujidhuru au unaona heri usingekuwepo, mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo, halafu mwende pamoja kwa mhudumu wa afya.

Ukienda, nenda na daftari. Kurasa zangu zina safu nne: tarehe na saa, mapigo ya asubuhi, dalili ya kwanza niliyoiona, na muda uliopita hadi iliponiacha. Ya kwanza kwangu daima ni taya. Naanza kusaga meno kabla moyo haujapanda. Ilinichukua wiki tatu za kuandika kuligundua, na mume wangu alipolisoma aliniambia angeweza kuniambia bure.